Mtoto anayefariki hageuki malaika
Katika matanga ya mtoto mchanga hapa Lamu, wanawake wakiwa wamekaa jamvini na mama aliyefiwa, mara nyingi huambiwa kwamba mwanawe sasa amekuwa malaika. Nia ni njema, lakini mafundisho ya Uislamu hayasemi hivyo: malaika waliumbwa kwa nuru, Adam kwa udongo, na kifo hakimgeuzi mwanadamu kuwa kiumbe kingine. Malaika wana kazi zao, zikiwemo za kumlinda mtu mbele na nyuma yake.

Faraja iliyopo, nami naiona kubwa zaidi, ni kwamba mtoto hubaki yuleyule. Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim, aliyekuwa angali ananyonya, alitokwa na machozi, naye akasema kwamba mtoto huyo ana wa kumnyonyesha Peponi.