Matawi mawili, jina moja la barua pepe: yapi myajue kabla ya kuunganisha domeni

Dawati letu la msaada wa TEHAMA hapa Arusha limekuwa likipokea lalamiko la aina moja kutoka kwa ofisi zenye tawi Moshi: "Tumeunganishwa, lakini barua pepe za upande wa pili hazifiki." Malalamiko yameongezeka kiasi cha kutulazimu kutoa ufafanuzi huu kwa wakuu wa ofisi na mafundi wanaowahudumia. Hatudhani kuna mwenye nia mbaya. Kila mtu anataka kazi iende.

Kwanza, kuunganisha domeni (yaani kundi la watumiaji na kompyuta za ofisi linalosimamiwa na seva ya ofisi hiyo) si kuzichanganya. Domeni ya Arusha inabaki na watumiaji wake na nywila zao, ya Moshi vivyo hivyo. Kinachofanyika ni seva mbili kukubaliana kuaminiana: Moshi ikisema "huyu ni wangu, nimemkagua", Arusha inalipokea neno hilo bila kudai nywila nyingine. Na kuaminiwa si kuruhusiwa. Mhasibu wa Moshi akishatambuliwa Arusha, bado hafungui folda yoyote mpaka mwenye folda ampe ruhusa. Hili tumelieleza mara nyingi, na bado tunapigiwa simu na mtu analalamika kwamba domeni zimeungana lakini haoni mafaili ya Arusha. Hupaswi kuyaona.

Kasi ya intaneti nayo husingiziwa mno. Jumatatu moja tuliitwa kwenye ofisi iliyo karibu na Barabara ya Sokoine. Fundi alikuwa amehangaika wikendi nzima: VPN, ile njia ya siri inayounganisha matawi kupitia intaneti, ipo hewani, taa zote kijani, lakini seva ya Moshi haionekani. Tulipotazama anwani, Arusha ilikuwa 192.168.1, Moshi nayo 192.168.1. Ruta zote mbili ziliachwa kama zilivyotoka dukani. Seva ya Arusha ikitafuta 192.168.1.10 inaitafuta humohumo chumbani mwake. Haina sababu ya kuvuka Mto Kikafu. Tuliihamishia Moshi kwenye 192.168.20, kila upande ukaelekezwa pa kuuliza majina ya mwenzake kwenye DNS, daftari linalogeuza majina ya kompyuta kuwa anwani za namba, na muda mwingi uliobaki uliishia kwenye printa, moja baada ya nyingine.

Jumatano muunganiko huo ukakatika. Umeme ulikuwa umekatika Moshi, UPS (betri ya akiba) ikaisha, seva ikawaka saa yake ikiwa nyuma kwa dakika kumi na moja, kwa sababu ile betri ya duara kama sarafu kwenye ubao mama ilishachoka. Kerberos, mfumo ambao seva hizi huutumia kuthibitisha watumiaji, kwa mpangilio wake wa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5, hivyo maombi ya kuvuka upande wa pili yakawa yanakataliwa. Wafanyakazi wakaanza kubadilisha nywila. Tafadhali, angalieni saa kwanza.

Sasa barua pepe. Wengi wanataka jina moja baada ya alama ya @ kwa matawi yote mawili, huku kila tawi likiwa na seva yake ya barua. Inawezekana. Ila seva ikishaambiwa jina hilo ni lake, hujiona ndiyo yenye kauli ya mwisho: asiyekuwemo kwenye daftari lake, kwake hayupo duniani. Ndiyo maana mtunza stoo wa Arusha anamwandikia mhasibu wa Moshi, na chai haijapoa, barua imemrudia na namba 550 5.1.1, mpokeaji hajulikani. Dawa ni kuiambia seva ya Arusha kwamba jina ni la wote wawili. Usiyemkuta kwako, mpeleke Moshi. Upande mmoja tu. Mkiziambia seva zote mbili hivyo, barua ya mtu asiyekuwepo popote itapigwa danadana kati ya Arusha na Moshi mpaka seva mojawapo ihesabu mizunguko na kuikata. Lazima tawi moja libaki na kauli ya mwisho, likiwa na orodha ya anwani za pande zote na maelekezo ya kuzifikisha. Hapo ndipo wakuu wawili huanza kuvutana nani makao makuu. Hilo si suala la kiufundi, na sisi hatuliamui.

Anwani ya intaneti ya kila tawi linalotuma barua nje iingizwe pia kwenye rekodi ya SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM (saini ya kidijitali kwenye barua).

Kuhusu njia za mkato. Kumpa mwenzako wa tawi jingine nywila yako, au kuelekeza barua zote za ofisi kwenye Gmail ya mtu binafsi, si kuunganisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini: faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida iliyopatikana, kipi kikubwa, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu wote wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, na inaweka masharti kwa taarifa zinazosafirishwa nje ya nchi. Kwa tafsiri ya sheria muoneni mwanasheria wenu. Sisi tunakumbusha tu.

Kwa ofisi tunazozihudumia, ombi la kuunganishwa liambatane na barua mbili, moja kutoka kwa mkuu wa kila tawi, zote zikiwa na saini na muhuri. Ya upande mmoja tunairudisha. Kila tawi litaje fundi atakayewajibika, anwani za mtandao wake wa ndani, na uthibitisho kwamba nakala rudufu ya seva ilichukuliwa ndani ya saa 24 na ikajaribiwa kurejeshwa. Kuchukuliwa bila kujaribiwa hakutoshi. Mabadiliko ya rekodi ya MX, inayoelekeza barua za jina lenu ziende seva ipi, huchukua muda kuenea, kwa hiyo ombi litakaloletwa Ijumaa mchana litasubiri Jumatatu, hata kama mkurugenzi amepiga simu.