Solar inakula mwanga, haili joto

Kuna hii kauli naisikia kila mahali, eti jua likiwaka mpaka bati linachoma basi solar inachaji balaa, na umeme ukipungua saa saba mchana mtu anakimbilia kusema kauziwa paneli feki. Hapana jamani. Paneli inatumia mwanga, joto linaipunguzia nguvu. Chukua paneli ya wati 100, zile wati za kwenye stika ya nyuma zimepimwa seli zake, yaani vile vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, zikiwa na nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hapo inakula kama asilimia 0.4, sasa paneli iliyolazwa juu ya bati Dar mwezi wa pili inafika nyuzi 65 kirahisi, hapo wati 16 hivi zishaondoka na hakuna kilichoharibika. Kabla hujanunua nyingine inyanyue kwanza, acha upenyo wa sentimita 10 hivi upepo upite chini. Halafu angalia kivuli, hicho ndo kibaya kuliko joto lenyewe, kuti la mnazi likifunika seli chache tu linaweza kushusha paneli nzima kwa theluthi au zaidi, maana seli zimeungwa kwa mfululizo, umeme unapita moja baada ya nyingine, moja ikikwama inazikwamisha na wenzake. Vumbi nalo lifute asubuhi, kioo kikiwa bado kimepoa.