Mpira mpya wa rejeta na bado yavuja? Angalia shingo

Juzi alikuja mzee mmoja wa Likoni na Probox yake, imeshapita kilomita 300,000, mpira wa juu wa rejeta umebadilishwa mara mbili huko kwengine na bado maji yapotea, akikaa foleni ya feri tu mshale wa temprecha wapanda. Nikamwambia mzee wangu, huu mpira hauna kosa.

Nikauchomoa nikamuonyesha. Pale kwenye shingo ya alumini, kile kibomba kifupi cha injini mpira unapovaa, kuna ukoko mweupe, na ukipitisha ukucha wasikia vishimo vishimo. Hiyo ni chumvi. Visima vingi hapa Mombasa maji yake ni ya chumvi na watu wanajaza kidebe cha lita 5 wanamimina kwa rejeta miaka nenda miaka rudi, sasa alumini imelika, mpira utabana wapi? Ukizidi kukaza klampu wakata mpira tu.

Kwanza injini ipoe, ipoe kabisa. Ndani mna presha, maji yamepita digrii 100 na hayajachemka kwa sababu kifuniko kimeyashikilia, ukifungua tu yanalipuka hapo hapo. Nimeona kijana akiungua kifua hivyo na sitaki kuona tena.

Mpira wa zamani ukigoma usiunyonge na bisibisi utavunja shingo, upasue kwa kisu. Shingo ipige msasa laini mpaka iwe nyororo, ifute, ivalishe mpira mpya, na klampu ikae nyuma ya ule ukingo wa shingo, sio juu yake na sio mwisho kabisa wa mpira. Kama vishimo ni virefu badilisha hicho kipande chenye shingo, tafadhali usijaze silikoni, vipande vinabanduka vinaenda kuziba rejeta.

Halafu kuna mipira miwili midogo ya hita, nyuma ya injini, hiyo husahaulika sana kwa sababu nani atawasha hita Mombasa? Lakini kwa gari nyingi maji yapita humo ukiwasha usiwashe. Ya mzee niliibonyeza kwa dole gumba, mmoja ulikuwa laini kama muhogo uliochemshwa, mwengine umekauka wapasuka. Yote nikabadilisha.

Mwisho tukatia kulanti, ile dawa ya rejeta, na maji ya betri yale yasiyo na asidi, nusu kwa nusu, hita imewashwa upande wa joto, kifuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, ikanguruma taratibu huku mapovu ya hewa yakitoka na mimi naongezea, feni ilipowaka mara ya pili na mapovu yameisha nikafunga. Akazunguka nayo siku mbili akarudi nikazikaza klampu kidogo, mpira mpya hukaa ukishapata joto. Shingo kavu, hata unyevu hakuna.