Kiraka kikitoka, mdukuzi naye anakisoma

WordPress, programu ya kujengea na kuendeshea tovuti, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na hicho ndicho kinachomvutia mdukuzi. Haji kwako kwa sababu duka lako la vitenge lina mali. Anaandika skripti moja, yaani programu fupi ya kujiendesha yenyewe, anaiachia ipitie mamilioni ya anwani, na palipo na toleo bovu anaingia. Tovuti ndogo huumia zaidi, maana hazina mwangalizi.

Chukua toleo la 4.7 la WordPress, la Desemba 2016, lililokuja na REST API, yaani njia ya programu nyingine kusoma na kuhariri makala za tovuti, ikiwa imeshawashwa. Mtu akituma ombi la kuhariri makala namba 1 lakini akaandika id=1abc, sehemu ya kukagua ruhusa ilitafuta makala "1abc", ikaikosa, na kwa kuwa hapakuwa na makala ya kulinda, ikampitisha. Hatua iliyofuata iligeuza "1abc" kuwa namba: herufi zikadondoka, ikabaki 1, na makala halisi ikaandikwa upya. Bila nenosiri!

Kiraka, yaani marekebisho ya kuziba tundu hilo la usalama, kilikuja kama toleo la 4.7.2 na kilitoka tarehe 26 Januari 2017, lakini waundaji walilinyamazia tundu hilo hadi tarehe 1 Februari ili tovuti zijisasishe kwanza. Naona walifanya vyema. Ukilinganisha faili ya zamani na mpya, mistari iliyobadilika inakuonyesha tundu lilipokuwa, na wadukuzi hufanya hivyo kila kiraka kinapotoka. Baada ya tangazo, kurasa mamia ya maelfu zilichafuliwa kwenye tovuti ambazo hazikuwa zimesasishwa.

Kwa hiyo mimi huanza na wp-config.php, faili ya mipangilio ya WordPress. Ukikuta AUTOMATIC_UPDATER_DISABLED (inayozima masasisho ya moja kwa moja) imewekwa true, iondoe. Folda ya .git, ambayo mafundi huitumia kuhifadhi historia ya mabadiliko ya msimbo, nayo huzima masasisho kimyakimya, jambo ambalo hata mafundi wengi hawalijui. Tena, ratiba ya WordPress ya kazi zake za ndani huamshwa na wageni wanaotembelea tovuti; tovuti isiyotembelewa huchelewa kukagua matoleo mapya. Humo kwenye wp-config.php weka DISABLE_WP_CRON iwe true ili ratiba isisubiri wageni, kisha agiza seva iite wp-cron.php, faili inayoendesha ratiba hiyo, kila dakika 15.

Balaa kubwa zaidi liko kwenye plagini, yaani programu za nyongeza. Kuizima tu plagini usiyoitumia hakutoshi, kwani faili zake bado ziko kwenye seva na zinaweza kuitwa moja kwa moja; ifute kabisa. Thimu (mwonekano wa tovuti) ya kulipia iliyovunjwa leseni na kugawiwa bure haipati viraka, na mara nyingi imeshatiwa msimbo wa kumwingiza mtu mwingine.

Kabla ya kuhamia toleo kubwa jipya, nakili faili pamoja na hifadhidata. Makala zako zimo kwenye hifadhidata, hazimo kwenye faili.