Kubadilisha valvu ya moyo bila kupasua kifua: dhana potofu na ukweli

"Ni teknolojia ya juzi tu."
Sivyo. Mwaka 1989 Henning Rud Andersen, daktari wa Denmark, alichukua valvu ya moyo wa nguruwe (mlango unaoruhusu damu kupita upande mmoja tu), akaishonea ndani ya kizimba cha waya alichokisuka mwenyewe, akakibana juu ya puto. Aliipitisha kwenye mshipa mkubwa wa nguruwe hai, kisha akajaza puto. Kizimba kikatanuka, valvu ikaanza kufanya kazi. Binadamu wa kwanza aliwekewa valvu ya aorta (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) kwa njia hii tarehe 16 Aprili 2002 mjini Rouen, Ufaransa, na Alain Cribier. Mgonjwa alikuwa na miaka 57, hali mahututi, na wapasuaji walikuwa wamemkataa. Alipata nafuu, ingawa alifariki miezi minne baadaye kwa matatizo mengine. Hiyo miaka 13 katikati ilistahili kusubiriwa: kifaa cha kuwekwa moyoni hakijaribiwi kwa pupa.

"Valvu mbovu inatolewa kwanza."
Haitolewi. Ile mpya huibana kando ya ukuta, na chokaa iliyoganda kwenye valvu ya zamani ndiyo huishikilia isiteleze. Kumbuka hili, maana ndilo linaloamua nani anafaa.

"Ni tundu dogo tu la kupitishia valvu kwenye mshipa, basi hakuna hatari."
Zipo: kiharusi, damu kuvuja pembeni ya valvu, na wengine hulazimika kuwekewa betri ya moyo, yaani kifaa cha kurekebisha mapigo. Lakini kwa wasioweza kupasuliwa, faida ni kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa kama hao, karibu nusu ya waliopewa matibabu ya kawaida walifariki ndani ya mwaka mmoja. Kwa waliowekewa valvu mpya ilikuwa takriban 3 kati ya 10.

"Sasa watoto wetu wenye valvu mbovu watapona hivi."
Hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu wazazi hupoteza muda na fedha wakiifuata. Njia hii ilibuniwa kwa wazee ambao valvu yao ya aorta imeganda chokaa. Watoto na vijana wa Afrika Mashariki mara nyingi huharibiwa valvu na homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo, na inayoumia zaidi ni valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Mara nyingi haina chokaa ya kutosha kukishikilia kizimba. Valvu iliyokuwa nyembamba huweza kupanuliwa kwa puto. Iliyoharibika sana huhitaji upasuaji wa kuikarabati au kuibadilisha. Na mtoto aliyekwisha kuugua homa hiyo anahitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 hadi 4, kwa miaka mingi, ili isimrudie.