Ufinyanzi wa Hungaria: wengi wameishia sebuleni

Wapenzi wa vyombo vya udongo kule Uingereza na Marekani wakisikia Hungaria, jina linalowajia kwanza ni Herend. Si ajabu. Kiwanda hicho cha kaure kilianzishwa na Vince Stingl mwaka 1826, Mór Fischer akakichukua 1839, na kwenye Maonyesho Makubwa ya London ya 1851 Malkia Victoria akaagiza seti yenye vipepeo na maua. Nakshi hiyo mpaka leo inaitwa Victoria. Ila anayedhani ufinyanzi wa Hungaria ni kaure tu ameijua nyumba kwa sebule yake, jikoni hajaingia.

Jikoni ndiko kuliko na vyungu vyeusi vya Nádudvar, mji mdogo usio mbali na Debrecen. Dhana inayovifuata kila vinapouzwa ni kwamba vimepakwa rangi. Hakuna rangi hapo. Udongo wenye chuma ukichomwa penye hewa ya kutosha hutoka mwekundu kama tofali. Mfinyanzi wa Nádudvar hufanya kinyume: moto ukishakolea, anaziba matundu yote ya tanuri. Moshi unakosa pa kutokea, hewa inakwisha, wekundu unageuka weusi na masizi yanapenya ndani ya udongo. Na yale maua? Chungu kikiwa kimekauka nusu, kabla hakijaingia motoni, husuguliwa kwa kijiwe laini, kama kile walicho nacho wafinyanzi wengi wa kwetu. Kilipopita kijiwe panang'aa, kisipopita panabaki pamefifia. Ni weusi juu ya weusi. Ukitazama chungu kimekaa tu mezani unaweza usione kitu. Kisogeze dirishani, kiinamishe kidogo, maua yatajitokeza.

Kosa kama hilo hufanywa kuhusu vyombo vya kiwanda cha Zsolnay cha mji wa Pécs, kusini mwa nchi: eti ule mng'aro wao ni dhahabu iliyopakwa juu. Unaitwa eosini, kutokana na Eos, mungu wa Kigiriki wa alfajiri, na Vilmos Zsolnay alianza kuutumia miaka ya mwanzo ya 1890. Ni madini ya metali yaliyochomwa penye uhaba wa hewa juu ya ule mpako wa kioo unaofunika chombo, yakaacha utando mwembamba. Ndiyo maana rangi yake haitulii: ukigeuza chombo, kijani kinakuwa zambarau, kama mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye dimbwi la maji. Wala Zsolnay si vyombo vya kabati tu. Vigae vyao, vilivyotengenezwa kustahimili baridi ya kuganda, viko juu ya paa la Kanisa la Matthias na la Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Matumizi, lililofunguliwa Budapest mwaka 1896.

Wengine hupenda kusema kwamba maua ya kwenye sahani hizi ni ya Kihungaria tupu, tangu mababu. Sivyo. Sahani nyeupe, zenye mpako wa kioo uliotiwa bati, zilifinyangwa na wageni walioitwa Wahaban, Waanabaptisti (Wakristo wanaobatiza watu wazima tu) waliokuwa wakikimbia kuteswa kwa ajili ya dini yao. Mwaka 1621 mtawala wa Transylvania, Gábor Bethlen, aliwakaribisha Alvinc, katika eneo lake. Maua ya tulipu nayo yana deni kwa Waturuki. Na Korond, kijiji maarufu cha wafinyanzi wanaosema Kihungaria, leo kiko Romania. Mpaka ulihamishwa na Mkataba wa Trianon wa 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wafinyanzi wakabaki palepale.

Halafu kuna Miska, ule mtungi wenye umbo la askari wa farasi mwenye masharubu, mara nyingi na nyoka amejinyoosha tumboni. Watu huuona kama mdoli. Ulikuwa mtungi wa divai, na mji wa Mezőcsát ndiko ulikosifika zaidi. Chupa za udongo za huko na za Tiszafüred mara nyingi ziliandikwa jina la mwenyewe na mwaka, nyingine na maneno ya mzaha. Aliyezoea kanga ataelewa haraka.

Sasa, ukibahatika kupata Miska wa karne ya 19, usimtilie divai. Mpako wa zamani ulikuwa na madini ya risasi, na kitu chochote chenye ukali, iwe divai, siki au ndimu, huitoa risasi hiyo na kuingia nayo kinywani. Mweke rafuni, masharubu yakiwa yametazama mlangoni.