Mwanafunzi asiye na makaratasi: siri yake chuoni inalindwa kiasi gani?

"Chuo kikijua huna makaratasi, lazima kikuripoti uhamiaji." Maneno haya nayasikia sana kwa Waswahili wenzangu hapa Marekani, na yamewakalisha nyumbani vijana wenye alama nzuri. Si kweli. Hakuna sheria ya shirikisho inayokilazimisha chuo kumripoti mwanafunzi kwa sababu tu hana hati. Tena kuna sheria ya mwaka 1974, FERPA, inayokataza chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kutoa kumbukumbu za mwanafunzi bila idhini yake ya maandishi, isipokuwa katika hali zilizotajwa. Haiulizi kama wewe ni raia.

Lakini wengine wakisikia hivyo hulegea kabisa, wakidhani kila kitu chao ni siri. Hapa naomba tuelewane vizuri. FERPA inalinda kumbukumbu zilizotunzwa na chuo. Ulichomnong'oneza mhadhiri baada ya kipindi, akakibeba kichwani tu, hakimo. Mafaili ya polisi wa chuo, yale ya kazi yao ya ulinzi, hayamo. Halafu kuna taarifa ambazo chuo kinaruhusiwa kumpa mtu wa nje bila kukuuliza: jina, anwani, simu, tarehe ya kuzaliwa, hata mahali ulipozaliwa. Kila chuo hutangaza zipi kimeziweka wazi, na wewe una haki ya kukataa kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa.

Nilikaa mezani na binti wa rafiki yangu, tukafungua akaunti yake ya chuo. Kisanduku cha kuzuia taarifa kilikuwa chini kabisa ya ukurasa, hakijawekwa alama. Anwani iliyokuwa wazi ni ya nyumba wanamolala wazazi wake na wadogo zake wawili. Tuliweka alama palepale, na kesho yake akaenda kwa msajili kuhakikisha.

Je, ofisa wa uhamiaji akija na karatasi mkononi? Inategemea nani ameitia sahihi. Fomu ya I-200 au I-205, yaani hati ya uhamiaji ya kumkamata mtu au kumwondoa nchini, husainiwa na ofisa wa uhamiaji, si jaji. Peke yake haimpi ruhusa ya kuingia chumba cha bweni kwa nguvu wala kuchukua mafaili. Amri ya mahakama ni jambo jingine, ila hata hapo chuo kinapaswa kujitahidi kukujulisha kwanza ili uweze kuipinga, isipokuwa kimekatazwa. Na usidhani ulinzi wote umeondolewa: kilichofutwa Januari 2025 ni mwongozo uliowataka maofisa waepuke kadiri iwezekanavyo kufanya operesheni shuleni na vyuoni. FERPA ipo palepale.

Hili linatuhusu sisi hasa, maana vijana wengi kutoka Nairobi na Dar es Salaam waliingia kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Majina yao yamo kwenye SEVIS, mfumo wa serikali kuu wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, chuo kinalazimika kuripoti wakiacha masomo, na kwa taarifa hizo FERPA haiwakingi. Aliyekuja kwa F-1 akapoteza hadhi asijilinganishe na aliyeletwa na wazazi akiwa mdogo. Amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kurudi kujiandikisha.

Kuhusu fedha, usijaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kwa namba ya Social Security ya binamu. Asiye na hati hastahiki msaada wa shirikisho. California ina fomu yake kwa wasio na hati, nayo huenda kwa tume ya misaada ya wanafunzi ya jimbo hilo.